Stima Ilipopotea, Simu Iliongea

Enzi Posta ilipoendesha simu, stima ilipopotea Lavington nzima, hapa Nairobi, simu ya mezani haikuwa na habari. Uliinua mkono wake gizani na mlio ulikuwa pale pale. Umeme wake haukutoka kwenye nguzo ya mtaani. Ulitoka eksichenji, volti 48, kwenye chumba cha betri kubwa za risasi na asidi, ukapita katika waya zile zile za shaba zilizobeba sauti. Sisi mafundi vijana tulikichukia chumba hicho. Kilinuka, na zamu ya kuongeza maji ya betri ilimwangukia mgeni kazini kila mara. Siku hizi kisanduku cha faiba hunyonya stima ya nyumba yako mwenyewe, kwa hiyo usiku wa Agosti 25, 2023, nchi ilipozama gizani, asiyekuwa na betri yake alizima nayo.

Siwapambi wazee wetu. Laini iliombwa leo ikaja baada ya miaka, mvua ilinyesha kebo zikakoroma, na shaba iliibwa usiku. Hata intaneti ilipoingia, barua pepe ya kutoka Kenyatta Avenue kwenda Westlands ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, ndipo ikarudi. KIXP, kituo cha kubadilishana data za intaneti humu nchini, ilifunguliwa Novemba 2000 ili kufupisha safari hiyo ya kichaa. Haikumaliza hata miezi miwili ikafungwa kwa ugomvi wa leseni, ikarejea Februari 2002.

Mwaka 2009 kebo za baharini, TEAMS na SEACOM, zikafika Mombasa, nasi tukapumua. Februari 2012 meli ikatia nanga pasiporuhusiwa nje ya Mombasa, TEAMS ikakatika, na mwezi huo huo kebo nyingine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zikakatika siku moja upande wa Afrika Kusini. Kampuni mbili, maji yale yale.

Mmarekani Paul Baran alionyesha tangu miaka ya 1960 kwamba mtandao ukiwa na viungo mara tatu au nne ya vile vichache kabisa vinavyotosha kuunganisha vituo vyote, huvumilia mapigo makubwa. Lakini haisaidii kitu nyaya zote zikilala mtaro mmoja, na kwenye barabara ya Waiyaki Way nimeziona zimelala hivyo: kwenye ramani njia mbili za kwenda mjini, nyekundu na ya buluu, ardhini mabomba mawili yamebanana kama abiria wa matatu ya Kangemi.

Majuzi kijana wa mauzo alinijia na laini ya pili, ya dharura. Nikamwuliza inapita wapi.

"Mzee, hiyo ni siri ya kampuni."

Nikamwambia dereva wa tinga anaijua.