Safari ya Bisie kwenye Daftari

Ninalo daftari lenye jalada la buluu nililolinunua Birere, hapa Goma, mwezi wa Julai 2023. Kwenye ukurasa wa kwanza niliandika: "Goma–Bisie. Moto mbili. Watu wawili. Siku tisa." Mpaka leo moto hizo hazijaondoka, lakini daftari limejaa, na ni hilo ninalotaka kulieleza.

Sisi wa Goma pikipiki tunaiita moto. Mgeni kutoka Tanga akisikia mtu anasema "nimekuja na moto" anaweza kutafuta ndoo ya maji. Anayeiendesha kwa kazi ni motari. Binamu yangu ni motari tangu amalize sekondari, na ndiye aliyekuwa mtu wa pili katika safari yangu.

Sababu ya safari ilikuwa masomo. Nilikuwa natafuta mada ya kazi ya mwisho, na mwalimu wetu wa isimujamii alituhimiza tutazame mahali ambapo watu wengi walikutana kwa ghafla bila lugha moja ya nyumbani. Nikafikiria Bisie, kilima cha msituni katika wilaya ya Walikale. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 maelfu ya watu walikwenda huko kuchimba kasiterite, yaani mawe ya bati: Wanyanga na Wakumu wenye msitu, Wahunde wa Masisi, Washi, Wanande, watu wa Kisangani waliokuja na Kilingala chao. Kiswahili ndicho kilichowafanya wauziane unga na wagombane kuhusu mashimo. Mwenye shimo alikuwa PDG, kama mkurugenzi wa kampuni ya Kinshasa. Siku ya kumchimbia mwenye bunduki bila malipo ilikuwa salongo, neno la wakati wa Mobutu la kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Niliona hapo kuna kamusi ndogo inayosubiri mtu wa kuiokota.

Sababu ya pili sikuiandika. Baba yangu alifanya kazi Bisie kuanzia 2003 hadi Septemba 2010, Rais Kabila aliposimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Alirudi akawa sentineli wa usiku, na hakusimulia kitu. Nyumbani kwetu Bisie lilikuwa jina la ugonjwa: Baba akishindwa kuinuka asubuhi, Mama alisema, "Ni mgongo wa Bisie."

Nilianza kupanga kama mwanafunzi anavyopanga, kwa kutaka vitu vikubwa. Nilimwuliza binamu kama tusingetafuta pikipiki zenye nguvu, kama zile za mashirika. Akacheka. "Ile ikilala kwenye tope utainua na nani?" TVS yake ya sisi 125 vijana wanne huipitisha mabegani penye daraja la magogo lililooza. Huingia katika mtumbwi. Hunywa mafuta kidogo. Na kubwa kuliko yote, kila fundi kuanzia Sake hadi Mubi anajua tumbo lake, na buji yake utaipata hata kwa muuza chumvi. Moto mbili, kwa sababu moja ikikatika, nyingine inakwenda kutafuta msaada.

Tukaandika orodha. Mipira ya ndani minne na pampu ya mkono. Buji mbili. Kebo ya klachi na kebo ya breki. Mnyororo wa akiba na kiungo chake. Spana namba 10, 12, 14 na 17. Oili lita mbili. Kamba za mpira za kufungia mizigo. Bidoni ya mafuta ya lita tano. Mimi nilitaka ya ishirini, binamu akasema ya ishirini itaulizwa maswali kwenye kila bariera. Hema langu alilifuta kabisa. "Utalala kwa watu. Ukilala porini watajiuliza unajificha nini." Nilikuwa nimeona hema kama njia ya kutomsumbua mtu. Yeye aliona kwamba msafiri asiyemsumbua mtu hana atakayemjua akipotea.

Kisha njia yenyewe. Nilipima kwenye ramani: Goma hadi Sake kilomita 25 hivi, hadi Masisi kati kilomita 80 hivi, halafu Nyabiondo, Kashebere, Walikale, Mubi, Njingala. Nikagawa kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, nikapata ratiba nzuri. Nikaipeleka Sake kwa wamotari wanaoteremka kutoka Masisi na mizigo ya jibini na makala, ili waihakiki.

Hakuna aliyenijibu kwa kilomita. Mmoja alisema kukiwa kukavu ni saa chache, na mvua ikinyesha, Mungu anajua. Nilipowabana wanieleze kipande kwa kipande, walinipa vitenzi. Kutoka Sake unapanda. Kufika Mushaki unateleza. Huko mbele kuna mahali unashuka kwenye moto na kuisukuma, pengine unasukuma huku rafiki anavuta. Baada ya Kashebere vilima vya ng'ombe vinaisha, unateremka, msitu unakumeza. Kibua, Mpofi: unavuka, unavuka tena. Niliporudi nyumbani nilifuta safu ya kilomita nikaandika safu ya vitenzi, na kwa mara ya kwanza ukurasa ule ulifanana na barabara.

Waliniongezea safu nyingine ambayo sikuwa nimeifikiria: maneno ya kusema. Wapi unasalimu kwa Kihunde, wapi kwa Kinyarwanda, wapi Kinyanga kinaanza, wapi ni heri usijionyeshe kuwa unajua lugha fulani, ubaki na Kiswahili tu. Kwenye bariera utalipa na kupewa jetoni, kikaratasi cha kuonyesha kwamba umelipa, usiikunje, usiitupe. Mimi nilikuwa nategemea barua ya kitivo yenye muhuri. Mzee mmoja wa pale aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia kwa heshima. "Ni nzuri," alisema. "Lakini salamu kwanza, karatasi baadaye."

Jioni moja Baba alikuwa akivaa koti la kazi. Daftari lilikuwa wazi mezani. Akaliinamia.

"Hii si njia ya Bisie."

Nilimweleza kwamba siku hizi kuna barabara ya magari. Kampuni ya Alphamin iliyojenga mgodi wa kisasa, ulioanza kutoa bati mwaka 2019, ilikata barabara yake msituni kutoka Logu, kwenye barabara ya Kisangani. Tungefika Logu, tungeomba ruhusa getini, tungepanda.

"Hiyo ni njia ya kampuni," alisema. Akavuta kiti, akakaa na koti lake, akachukua kalamu.

Alichora Njingala kama duara, kisha mstari ulioingia msituni: kilomita kama 45 kwa miguu. Siku mbili, mtu akiwa na kilo 50 mgongoni. Kwenda juu walibeba unga, chumvi, bia, mafuta ya taa, nguo za kuuza. Kila kitu huko juu kilikuwa kimefika kwenye mgongo wa mtu. Kuteremka walibeba mchanga, ndivyo walivyoita kasiterite. Kutoka Njingala mchanga ulipelekwa Kilambo, ambako kipande cha lami cha barabara kuu kilikuwa uwanja wa ndege. Watu na magari walisimamishwa, ndege inatua, inapakia, inaruka kuja Goma. "Sisi siku mbili," alisema Baba. "Mchanga chini ya saa moja."

Nilikuwa nimesoma kwamba miaka ile bei ya bati ilipanda, na kwamba Umoja wa Ulaya uliamua kuanzia Julai 2006 vifaa vipya vya elektroniki visiwe na risasi katika lehemu zake, viwanda vikahitaji bati zaidi. Nilitaka kumwambia. Lakini alikuwa anachora vijito, kimoja baada ya kingine, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Kwenye kijito cha tatu kutoka Njingala alichora mti.

"Baba yako mdogo yuko hapa."

Nilijua kwamba baba mdogo alifia porini. Sikujua kwamba mwaka 2007 shimo lilimbomokea. Sikujua kwamba wapagazi wanne walijitolea kumbeba pamoja na Baba, wakipokezana, na kwamba jioni ya siku ya pili mvua ilikuwa haijakatika na hawakuweza kuendelea. Wakamzika kando ya kijito, Baba akakata mistari mitatu kwenye mti kwa panga. Asubuhi yake akajitwika mfuko ambao mdogo wake alikuwa ameuchimba, kwa kuwa ulikuwa na deni la watu, akaufikisha.

"Mchanga wake niliufikisha Njingala," alisema. "Yeye sikumfikisha."

Akaniuliza saa. Alikuwa amechelewa kazini. Aliondoka, nami nikabaki na ukurasa ambao haukuwa tena wa mada ya kazi ya mwisho.

Mama naye alikuwa na swali moja tu kuhusu mpango wetu, na hakuna safu iliyolijibu. Mtandao wa simu upo Masisi kati, upo Walikale, upo Mubi. Kati ya hapo ni kimya. "Usipopiga siku uliyosema, mimi nifanye nini?"

Katika kitivo chetu tunasoma utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, watu wa msitu ule ule. Candi Rureke aliusimulia kwa siku kadhaa mwaka 1956, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe na mwanaisimu, waliuchapisha mwaka 1969. Mwindo anapoingia chini ya ardhi kumfuata baba yake, anamwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba aishike. Kamba ikitikisika, Mwindo yu hai. Ikitulia, amekwisha. Katika mtihani niliandika kwamba kamba ni ishara ya uhusiano wa ukoo, nikapata alama nzuri. Siku Mama aliponiuliza swali lile ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimemtazama Mwindo tu. Sikuwa nimefikiria hata kidogo mikono ya Iyangura, na siku alizokaa pale akisikiliza kwa viganja.

Tuliweka safari mwezi wa Oktoba 2023. Mwanzoni mwa mwezi ule vita vilirudi Masisi. Wamotari wa Sake walitawanyika. Nikaandika mpango wa pili: boti ya ziwa hadi Bukavu, halafu Bunyakiri, Hombo, Musenge, tuingie Walikale kutoka kusini. Tukawa tunangoja pesa, halafu mitihani. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma, na mwezi uliofuata Bukavu. Machi Walikale pia ilitekwa kwa majuma kadhaa, na mgodi wa Bisie ukasimamisha kazi kuanzia tarehe 13 hadi mwezi wa Aprili. Mpango wa tatu niliuandika nusu kwa kucheka: kupitia Uganda hadi Beni, kisha Mambasa, Bafwasende, Kisangani, Lubutu, zaidi ya kilomita 1,000 za barabara ili kufika mahali palipo kilomita kama 180 kutoka nyumbani kwetu. Binamu hakucheka. Aliuliza tu kama ule mnyororo wa akiba ungetosha.

Moja ya moto zetu haipo tena. Iliondoka siku zile za Januari na watu tusiowajua. Binamu anaendesha ya tajiri na kumpelekea hesabu kila jioni. Kazi yangu ya mwisho niliiandika hapa hapa, kwa maneno ya Baba na ya wazee wenzake wanane waliowahi kubeba, walimu waliikubali. Kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza daftari bado la nini.

Mwezi uliopita niliamka nikalikuta mezani, nami nilikuwa nimeliweka chini ya godoro. Baba alikuwa amesharudi kutoka zamu, amelala. Kwenye ukurasa wa kwanza neno "wawili" lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake, kwa mwandiko ule anaotumia kwenye kitabu cha zamu, imeandikwa "watatu". Katika orodha ya vifaa, chini ya spana, ameongeza: panga, simenti kidogo.

Nilimpelekea binamu. Alisoma akiwa juu ya moto, mteja akimsubiri. Hakuuliza njia itafunguka lini, wala mgongo wa mzee utahimili vipi kule wanakosukuma. Alisema mzee atakaa nyuma yake, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kuteleza bila kuanguka. Basi bidoni ihamie mbele, juu ya tangi, na simenti nibebe mimi.