Motokaa Yetu Isiyo na Milango

Wenzangu wengi wa kidato cha tatu, na hata baadhi ya walimu, wameniuliza habari za ile motokaa isiyo na milango inayoonekana hapa Dutwa siku za gulio. Wengine husema ilinunuliwa Mwanza, wengine husema ni trekta. Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari zake, nami nafanya hivyo kwa furaha, maana nilikuwapo tangu msumeno wa kwanza hata rangi ya mwisho.

Asili yake ni kirikuu, yaani Suzuki Carry, gari dogo la mizigo linalojulikana na kila mtu wa mkoa wa Simiyu. Baba alilitumia kuchukua mizigo kati ya Lamadi na Bariadi. Jioni moja ng'ombe walikatiza barabara ya lami, akawakwepa, gari likapinduka. Baba akavunjika mguu wa kuume. Gari nalo likaletwa nyumbani juu ya lori, likalala nyuma ya nyumba misimu miwili ya pamba, hata kuku wakazoea kutaga kwenye kiti cha dereva.

Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara tatu. Wa mwisho alitaja shilingi 380,000. Mama alitaka tuzipokee, na sababu zake zilikuwa nzito: deni la matibabu ya ule mguu lilikuwa bado, na kila siku ya gulio alilipa toyo kumchukulia nyanya na vitunguu, faida ikaishia kwa mwenye toyo. Baba hakusema neno. Tangu ajali hakuwahi hata kulitazama gari lile; akipita nyuma ya nyumba aligeuza uso.

Ndipo alipokuja mjomba, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Bariadi. Alizungusha injini kwa mkono, akatazama difu na gia boksi, akasema, "Shemeji, kilichokufa hapa ni bati tu. Moyo ni mzima. Nipe likizo moja na huyu kijana." Baba akajibu, "Muulize dada yako, deni ni lake." Mama akafikiri siku mbili, kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba ikifika siku ya kufungua shule na gari halijawaka, lipimwe kwa kilo.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa fizikia alifurahi sana. Akatuambia habari za Ron Champion, mwalimu wa shule ya Oundle huko Uingereza, ambaye mwaka 1996 alitoa kitabu cha kumfundisha mtu kujitengenezea gari dogo la wazi kwa pauni 250. Njia yake ni kununua Ford Escort kuukuu, kutoa injini, gia boksi, ekseli na stelingi, na kuvifunga katika fremu mpya ya mabomba ya pembe nne yenye upana wa inchi moja. Umbo lake liliigwa kutoka Lotus Seven ya mwaka 1957, gari la Colin Chapman. Chapman mwenyewe alianza mwaka 1948 kwa kubomoa Austin Seven iliyochakaa. Basi jambo hili si la ajabu kama watu wa Dutwa walivyodhani. Afrika Mashariki pia wamejaribu wengi: Kibaha walitengeneza malori ya Nyumbu, Kenya ikaonyesha magari ya Nyayo Pioneer mwaka 1990, na mwaka 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alionyesha gari lake la umeme Dar es Salaam. Ila hao walitaka kutengeneza gari jipya. Sisi tulitaka la zamani lirudi barabarani likiwa jepesi, na kwa fedha kidogo.

Hapo mjomba na mwalimu hawakupatana. Mjomba aliposikia habari za Champion alitaka kukata kila kitu na kujenga fremu mpya. Mwalimu akasema, "Fundi, namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma kile. Ukikitupa, kadi ya gari haina gari, na gari halina kadi." Walibishana tangu adhuhuri hata alasiri, na chai ikapoa. Kwa maoni yangu mwalimu alikuwa na haki, na hata mjomba alikubali baadaye, ingawa hakulisema kwa mdomo. Tuliacha chesisi ya asili yenye namba yake, tukakata kibanda, milango na bodi ya nyuma, kisha tukajenga juu yake kizimba cha mabomba.

Kirikuu inafaa kazi hii kuliko magari mengi. Injini yake ya sentimita za ujazo zisizofika 660 imelala chini ya viti, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Tuliacha kila kitu mahali pake, maana propela ikikatwa na kuungwa bila kusawazishwa hutetemeka hata ikavunja viungo vyake. Mwalimu alinifundisha siri ya kizimba kwa vijiti vinne na misumari. Mraba wa vijiti vinne ukisukumwa hulala upande. Ukiongeza kijiti kimoja cha mshazari, unakuwa pembe tatu mbili, na hausogei tena. Kwa hiyo kila dirisha la kizimba chetu lina bomba la mshazari, isipokuwa pale mtu anapoingilia. Juu ya kichwa cha dereva tuliweka bomba nene zaidi, na sababu yake hakuna aliyeitaja.

Kuchomelea kulikuwa kugumu. Bomba jembamba hutoboka ukikawia sekunde moja, na umeme nao ulikatika mara kwa mara. Mara mbili tulifanya kazi usiku wa manane kwa sababu ndipo uliporudi.

Vyuma vyote tulivyotoa tulivipima kwa mizani ya pamba: kilo 163. Tulivyoongeza vilikuwa kilo 71. Nilidhani wepesi ni faida tupu, lakini katika jaribio la kwanza, mjomba alipokanyaga breki kwenye changarawe, magurudumu ya nyuma yaligoma kuzunguka na gari likaanza kwenda upande, kwa kuwa nyuma hapakuwa na uzito wa kuyakandamiza. Basi betri na tairi la akiba vikahamishiwa nyuma kabisa, chini ya ubao wa mizigo. Likatulia.

Gharama ni hizi: mabomba 14 shilingi 252,000, betri 110,000, vifaa vya breki 85,000, vijiti vya kuchomelea na mawe ya kukatia 64,000, matairi mawili yaliyotumika 60,000, taa 45,000, mikanda 40,000. Jumla 656,000. Mikanda ya zamani ilikuwa bado inafunga, lakini mkanda uliokwisha kumzuia mtu katika ajali haufai kuaminiwa tena. Mjomba hakuchukua ujira. Mama alikopa nusu ya fedha hizo katika kikoba chake, kwa hiyo deni likawa maradufu, nami nilikuwa nikiamka usiku nikilifikiri.

Injini iliwaka siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Lakini gari kuwaka si ruhusa ya kuingia barabarani. Mkaguzi wa magari aliinama, akasoma namba ya chesisi, akailinganisha na kadi, akavuta handbreki na kutuamuru tusukume. Halikusogea. Akatuandikia mapungufu mawili, matopeo ya magurudumu ya nyuma na vioo vya kuakisi mwanga, na akakataa kabisa tuendeshe kabla hatujayaondoa. Wiki mbili baadaye alirudi akaridhika, na ripoti yake ikapelekwa pamoja na kadi ili mabadiliko ya bodi yaandikwe. Jambo hilo lilichukua miezi miwili na nusu, na wakati wote huo mama aliendelea kulipa toyo huku gari likiwa mlangoni.

Siku karatasi zilipofika, mama alipakia magunia manne ya nyanya na vitunguu. Mjomba akaketi upande wa abiria na kuacha kiti cha dereva wazi. Baba alitoka ndani na fimbo yake, akalizunguka gari polepole, akashika lile bomba nene la juu na kulitikisa. Kisha akapanda, akavuta mkanda mara tatu.

"Breki zimepimwa leo?"

"Zimepimwa, shemeji."

Baba akafungua mkanda, akashuka, akaenda kuzipima mwenyewe. Walifika Bariadi saa nne asubuhi.