Sidiria Baada ya Upasuaji

Mama aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani hurejea nyumbani na maswali ambayo huona haya kuyauliza. Shangazi yangu wa Hedaru, aliporudi kutoka hospitali, alijitanda khanga mbili katika jua kali la huko tambarare, chini ya Milima ya Upare. Hakuwa akisikia baridi. Alikuwa akificha kifua.

Alichohitaji ni sidiria ifaayo. Kwa majuma ya kwanza, mama achague ya pamba, laini, isiyo na waya, yenye vifungo mbele, kwa kuwa mkono wa upande uliopasuliwa haufiki mgongoni kwa urahisi. Mikanda ya mabegani iwe mipana. Apimwe upya kwa utepe, maana kifua kilichovimba hakilingani na kipimo cha zamani. Mahali pa titi atie kitambaa laini, chepesi. Kidonda kikipona, na daktari akiruhusu, atie kitu chenye uzito wa kulingana na titi la pili, ili sidiria isipande upande mmoja. Fundi cherehani aweza kushona ndani yake mfuko wa kukishikilia.

Asinunue ya mtumba. Shirika la Viwango Tanzania limekataza uuzaji wa nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, na ngozi iliyopasuliwa haitaki majaribio.

Nanyi akina baba, toeni fedha hiyo bila kunung'unika. Sidiria hii si pambo. Ni sehemu ya matibabu, sawa na dawa.