Mwaka Tulipochagua Kuitana Ndugu

Sisi tuliozaliwa Usukumani miaka ya mwisho ya ukoloni tulifundishwa namna ya kumwita mtu kabla ya kufundishwa kuchunga. Mtoto wa kwetu Tinde, Shinyanga, alijua mapema kwamba rika lake anamwambia "wangaluka", na babu yake anamwambia "mwangaluka", kwa umbo la watu wengi, hata kama babu ameketi peke yake. Aliyeteleza alirudishwa mlangoni aanze upya. Heshima ilikaa katika silabi moja, na silabi hiyo ilimweleza mtoto nafasi yake mbele ya mkubwa.

Mjukuu wangu mmoja yuko Göteborg, nchini Sweden, anajifunza Kiswidi, na viwakilishi vya lugha hiyo vinamtaabisha. Sisi tukisema "yeye" tumemaliza, awe mwanamume au mwanamke. Wao wana "han" kwa mwanamume na "hon" kwa mwanamke. Mwaka 2015 Akademia ya Sweden iliingiza katika kamusi yake ya maneno "hen", kwa anayetajwa bila kubainisha jinsia, baada ya mabishano makali ya miaka kadhaa. Kazi hiyo "yeye" wetu ameifanya tangu enzi za mababu.

Katika umiliki, wao ndio wenye umakini kutuzidi. Ukisema "Masanja amechukua ng'ombe wake", msikilizaji wa huku atauliza: wa nani? Wa Masanja mwenyewe au wa jirani? Mswidi hana haja ya kuuliza. Ng'ombe akiwa wa Masanja husemwa "sin ko", akiwa wa mwanamume mwingine husemwa "hans ko". Mjukuu wangu hukosea hapo mara kwa mara, nami humwambia avumilie, kwa maana katika nchi yetu ya wafugaji kesi ngapi zimeamuliwa juu ya swali hilo hilo!

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni namna Waswidi wanavyomwita mtu wanayezungumza naye. Zamani mwenye cheo aliitwa kwa cheo chake, kana kwamba hayupo: "Je, Daktari atakunywa kahawa?" Asiye na cheo aliambiwa "ni", neno la wingi lililogeuka kuwa la kumshusha mtu. Wenye kuelewana waliambiana "du", yaani wewe. Mfumo huo ulikwisha kuchoka katika miaka ya 1960. Mwaka 1967 Profesa Bror Rexed, alipoanza kuiongoza idara kuu ya tiba ya nchi hiyo, aliwatangazia watumishi wote kwamba atawaita "du" na kwa majina yao ya kwanza, nao wamwite hivyo hivyo. Jina lake likabaki kuwa alama ya mageuzi hayo. Leo mwanafunzi humwita mwalimu wake "du", na mgonjwa humwita hivyo daktari wake. Ni familia ya kifalme tu ambayo kwa desturi haiitwi hivyo.

Mwaka huo huo wa 1967, Februari 5, sisi tulipata Azimio la Arusha. Nchi iliyokuwa imezoea "bwana mkubwa" kwa mzungu na "boi" kwa mtu mzima anayempikia chakula, ilishika kwa nguvu neno moja: ndugu. Rais akawa Ndugu, katibu kata akawa Ndugu, mkulima wa pamba akawa Ndugu. Waswidi na sisi hatukuambiana, ila tuliamua jambo moja mwaka mmoja. Haikuwa ajabu basi kwamba baadaye Mwalimu Nyerere aliona cha kujifunza katika shule zao za watu wazima, na kuanzia mwaka 1975 vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa mfano huo.

Tofauti ni moja, nami naithamini. Waswidi waliposawazisha watu walifuta alama za ukubwa. Sisi tuliongeza usawa bila kuondoa adabu. Kijana alimwita mzee "Ndugu" mkutanoni, na nje ya mkutano akamwamkia "shikamoo" kwa moyo mweupe. Cheo kilishushwa, umri ukabaki na haki yake. Hiyo ndiyo kazi bora ya kizazi changu.

Halafu mambo yakalegea. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliwafungulia viongozi milango iliyokuwa imefungwa na Arusha. Baadaye migodi mikubwa ikafika kwetu: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Leo pale njia panda ya Tinde, ambapo barabara ya Mwanza inaachana na ile ya Kahama iendayo Rwanda, sikiliza watu wanavyoitana. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, ni "bosi" hata kwa mtu aliyemzidi miaka thelathini. Mbunge ni "mheshimiwa". Mama muuza uji, mwenye wajukuu, anaitwa "wewe!" kutoka dirishani mwa gari. Fedha imepewa shikamoo ambayo umri umenyimwa.

Siwalaumu vijana kwa kupenda fedha, maana njaa ya Shinyanga naijua. Ninachowaambia ni kwamba namna ya kuitana haianguki kutoka mbinguni. Watu huiamua. Waswidi waliamua, na wanaendelea kubishana: huko vijana wa madukani wameirudisha "ni" wakidhani ni adabu, na wazee wanachukia kwa sababu wanakumbuka jinsi ilivyowadhalilisha. Sisi nasi tuliamua mwaka 1967. Kinachofanyika sasa hakuna aliyekiamua. Kimeingia tu pamoja na vumbi la migodi.

Basi, wajukuu zangu, aliyeko Göteborg aseme "du" bila woga, kwa kuwa ndiyo adabu ya wenyeji wake. Aliyeko Tinde amwite mwenye duara ndugu, na mama muuza uji amwamkie shikamoo. Msikubali mfuko wa mtu uamue jina mtakalomwitia.