Jina la nani liandikwe kwenye mtumbwi?

Eda yangu ilipokwisha, miezi minne na siku kumi, nilibaki na watoto watatu, magodoro mawili, masufuria, cherehani na mtumbwi wa mbao wenye injini. Vyote hivyo vilikuwa Mpulungu, upande wa Zambia, ambako mimi na marehemu mume wangu tuliishi miaka 11 tukivua dagaa, ambao watu wa huko huwaita kapenta. Deni la nyavu alilokuwa nalo marehemu nilikwisha kulilipa, kwani deni hutangulia mirathi. Lililobaki lilikuwa kurejea kwetu Kasanga.

Kutoka Mpulungu hadi Kasanga ni safari ya saa chache ziwani. Katikati ya njia huingia Mto Kalambo, ambao ndio mpaka wa nchi hizi mbili. Walungu wapo pande zote mbili, wanaoana na kuzikana. Kwa hiyo sikujiona kuwa ninahama nchi. Nilijiona ninarudi nyumbani. Mtumbwi ndio ulionifundisha kuwa mpaka upo.

Walikuja kutuchukua kaka yangu, mama mkwe na shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Tulipokuwa majini, shemeji akanishauri: “Shemeji, tukifika tuseme mtumbwi huu umeundwa Kasanga. Fundi yupo, ataandika barua. Tena liandikwe jina langu. Wewe ni mwanamke mwenye watoto wadogo, utahangaika na maofisa hadi lini?”

Sisemi kwamba alikuwa na nia mbaya. Ndiye aliyenunua sanda ya kaka yake, na ndiye aliyetuletea unga siku zote za eda. Lakini katika ushauri wake mmoja mlikuwa na mambo mawili. La kwanza lingeniokolea fedha. La pili lingeweza kuwapotezea mayatima mali yao, hata kama yeye mwenyewe hakukusudia.

Aliponiona nimenyamaza, akatoa hoja ya dini. Akakumbusha kisa cha Khidhr katika Suratul-Kahf, jinsi alivyoitoboa merikebu ili kuiokoa na mfalme aliyekuwa akinyang'anya vyombo vya watu. “Basi na sisi tunauokoa wetu,” akasema.

Mama mkwe, ambaye hakuwahi kukaa darasani ila chuoni kwa mwalimu, akamjibu bila kugeuka: “Mwanangu, mfalme yule alikuwa akipora. Hawa wanadai kodi na wanatoa risiti. Na umesahau kuwa merikebu ile ilikuwa ya maskini, si ya maskini mmoja. Walikuwa wengi. Na huu wetu una wenyewe wengi.”

Tulipofika tukaripoti uhamiaji, kisha forodha. Afisa alituuliza kwa upole: mtumbwi huu ni wa matumizi ya nyumbani au wa biashara? Nilielewa uzito wa swali lile baada ya kuelezwa sheria. Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya hiyo, ya mwaka 2004, humpa nafuu mtu anayehamisha makazi kwa vyombo vyake vya nyumbani, na hata gari moja alilolimiliki na kulitumia kwa miezi isiyopungua 12. Mtumbwi wa kuvulia ni chombo cha kazi. Ulimi wangu ulitaka kusema ni wa nyumbani. Nikasema: “Ni wa kuvulia. Ndio uliotulisha.”

Jibu hilo lilinigharimu cherehani. Niliiuza ili nilipe kilichodaiwa. Wakati karatasi zikishughulikiwa, mtumbwi ulivutwa mchangani, na giza mbili zikapita, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa hufuata taa, nasi tukiwa hatuvui. Jua la Kasanga likakausha mbao hata viungo vikaachana, ikabidi fundi autie kalafati upya. Usiku nilikuwa nikijiuliza kama ukweli wangu haukuwa ukaidi tu uliovaa kanzu.

Kisha likaja jambo la usajili. Chombo cha uvuvi husajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, kikapewa namba ya kuandikwa ubavuni. Leseni ya kuvua ni jambo jingine, na hukatwa kila mwaka. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya jina la mmiliki. Nafasi yenyewe ni fupi, ya jina moja.

Kabla ya kuijaza, mama mkwe alitaka kikao. Sheikh akaketi na ukoo, akafuata yaliyomo katika Suratun-Nisaa, akaugawa mtumbwi na injini yake mafungu 24. Mimi mjane nikapata thumni, yaani mafungu matatu. Mama wa marehemu akapata sudusi, mafungu manne. Mafungu 17 yaliyobaki yakawa ya watoto, kijana akipata sawa na mabinti wawili. Yakaandikwa, mashahidi wakatia saini, na mama mkwe akapiga dole gumba. Kwenye fomu likaandikwa jina langu, kama mwangalizi wa mali ya warithi, na nakala ya karatasi ile ikaambatanishwa.

Tangu hapo nina daftari nyumbani. Baada ya kutoa mafuta, matengenezo na ujira wa wavuvi, kinachobaki hugawanywa kwa hesabu ileile. Binti yangu wa mwisho hajui bado kugawanya, lakini anajua kuwa katika mtumbwi ule mna mbao zilizo zake.

Shemeji ndiye nahodha wetu hadi leo. Bado husema kuwa cherehani ile ilikwenda bure, nami sijaweza kununua nyingine. Sibishani naye. Ila kila mwisho wa mwezi huleta hesabu mwenyewe, bila kuitwa, akalihesabu fungu la mama yake kwanza.

Ndugu msomaji, ukitaka kuhamia nchi nyingine na chombo chako, ulizia forodha kabla ya kuvuka, na ubebe karatasi za usajili wa ulikotoka. Lakini ikiwa chombo chenyewe ni cha marehemu, kaeni kwanza nyumbani mkayajue mafungu ya kila mmoja. Ofisini mtaulizwa jina moja tu, na mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake hawezi kulitaja la kwake.