Kabuti Langu katika Theluji ya Norwei



Mimi nilizaliwa penye miteremko ya Kilimanjaro, na theluji ya Kibo nimeitazama tangu utoto wangu, lakini kwa mbali tu. Basi nilipoalikwa kwenda Norwei katika mwezi wa Februari, nilijisifu moyoni nikasema, "Baridi naijua." Nikanunua kabuti zito kuliko yote niliyoyaona dukani, nikadhani nimekwisha kujitayarisha. Sasa nataka kuwaeleza jinsi kabuti hilo lilivyonitia hatarini.

Mwenyeji wangu katika mji wa Oslo alikuwa mzee aliyefundisha katika nchi yetu siku za ujana wake, naye asema Kiswahili vizuri. Asubuhi moja akaniambia mlangoni, "Mwalimu, liache kabuti hilo, litakulemea." Nikamjibu, "Asante, Mzee, lakini mimi ni mtu wa nchi ya jua." Akanyamaza.

Tukapanda treni ya mjini ipitayo vilima vya Holmenkollen mpaka kituo cha mwisho, Frognerseteren. Hapo ndipo uanzapo msitu mkubwa uitwao Nordmarka. Wakubwa kwa wadogo walishuka na mbao zao ndefu nyembamba, ziitwazo skii, wakazifunga miguuni, wakashika fimbo mbili mikononi, wakaenda. Nikaona wamevaa nguo nyepesi, nikawahurumia.

Lakini kuteleza msituni, njia ikipanda na kushuka, ni kazi kama kulima. Mikono yasukuma, miguu yasukuma, moyo wapiga mbio. Nusu saa haijatimia, shati langu la pamba limelowa jasho chini ya kabuti. Tukafika juu ya kilima, tukasimama kupumzika, na upepo ukavuma. Mara meno yangu yakagongana. Nikataka kufungua vifungo, vidole vikakataa. Yule mzee akanivuta nyuma ya miti, akanivua shati kama mtoto mdogo, akanivika fulana kavu ya sufu aliyoitoa katika mfuko wake wa mgongoni. Kisha akanipa chai ya moto, akasema, "Mwalimu, si baridi ya nje iliyokushinda. Ni jasho lako."

Jioni, tulipoketi karibu na moto, akanifundisha. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na nguo iliyolowa huuibia mwili joto lake. Sufu hata ikipata unyevu huendelea kutia joto. Kwa hiyo mtelezaji wa msituni huvaa fulana nyembamba ya sufu ya kugusa mwili, na juu yake koti jepesi la kuzuia upepo. Sweta huliweka mfukoni, alivae asimamapo. Tena yafaa aondoke nyumbani akihisi baridi kidogo. Akihisi joto kabla ya kuanza, amevaa mno.

Fridtjof Nansen na wenzake watano walipovuka Greenland kwa skii mwaka 1888, nguo zao nyingi zilikuwa za sufu. Na washindanao mbio huvaa nguo nyembamba zaidi, ya kubana mwili. Hivyo ndivyo alivyovaa Mkenya Philip Boit huko Nagano, Japani, mwaka 1998, katika mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja mwishoni akamkumbatia.

Siku ya tatu tulikwenda Hafjell, karibu na Lillehammer, mahali palipotumika katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1994. Nami, kwa kuwa nimekwisha kufundishwa, nikavaa nguo nyepesi kama za msituni. Mzee akacheka. "Leo sivyo," akasema. Kwani hapo watu hawapandi kwa miguu; huketi juu ya viti vinavyovutwa kwa waya, wametulia tuli katika upepo, kisha hushuka kwa kasi nyingi. Mwili haufanyi jasho jingi, bali upepo hupenya. Basi akaniazima koti nene lisilopitisha maji, na suruali ya namna hiyo hiyo, maana kiti kina theluji, na mwanafunzi huanguka mara nyingi. Akanipa na kofia ngumu, miwani mikubwa ya kufunika macho, na glavu nene.

Wako na wengine wapandao milima kwa nguvu zao wenyewe, wakibandika vitambaa chini ya skii visirudi nyuma. Hao hupanda wamevaa kidogo, na wafikapo kileleni huvaa koti la manyoya ya bata kabla mwili haujapoa. Mfukoni huchukua beleshi, ufito mrefu na chombo cha redio, wapate kumtafuta mwenzao akifunikwa na maporomoko ya theluji.

Nilirudi nyumbani na kabuti langu, nalo lanifaa sana asubuhi za Julai, niketipo barazani. Halina kosa. Kosa lilikuwa langu, niliyevaa kwa kuiogopa baridi bila kuuliza kwanza ni kazi gani nitakayoifanya ndani yake. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Nami nililikumbuka neno hilo juu ya kilima, vidole vyangu vilipokuwa vimekwisha kufa ganzi.