Wanyama Waje kwa Mzee: Kuchagua Loji ya Tsavo kwa Safari na Wazazi



Katika nyumba zetu za pwani, kuanzia Lamu hadi Vanga, wamo wazee waliofikisha miaka 70 na 80 ambao hawajapata kumwona ndovu kwa macho yao. Baadhi yao wamehiji Makka, wamevuka bahari kwenda Unguja na Maskati kuwazuru jamaa, lakini Tsavo, iliyo mwendo wa asubuhi moja tu kutoka Mombasa, hawajaikanyaga. Wanasoma Suratul Fiil katika sala zao tangu utotoni, na ndovu mwenyewe wanamjua kwa picha.

Likizo ya shule inapokaribia na watoto wakaanza kuzungumza habari za mbuga, mzee huulizwa kwa adabu kama atafuatana nao. Naye hujibu kwa adabu vilevile: "Nendeni nyinyi, mimi nitabaki na nyumba." Wengi wetu hulipokea jibu hilo na kuliacha hapohapo. Lakini aliyekaa na wazee anajua kwamba chini ya maneno hayo kuna mengine yasiyosemwa. Choo kitakuwaje? Ngazi ni ngapi? Nani atanishika mkono usiku? Je, nitawaharibia wenzangu matembezi yao? Mzee hakatai safari. Anakataa kuwa mzigo, na kabla ya hapo anakataa kuvunjiwa heshima mbele ya watu.

Kwa hivyo, wapenzi wasomaji, kuchagua mahali pa kulala ndiyo nusu ya safari. Kijana akikosea loji hupoteza fedha. Mzee akikosewa loji hupoteza hamu ya kutoka tena.

Tuliwahi kumchukua shangazi yetu, Mungu amrehemu, kwenye nyumba moja ya wageni mbugani ambayo hatutaitaja. Tulipiga simu mapema tukauliza kama pana ngazi, tukajibiwa kwamba hapana. Tulipofika tulikuta vipandio sita vya mawe, visivyo na pa kushika, baina ya mapokezi na vyumba. Aliyetujibu hakukusudia kusema uongo. Kwa kijana wa miaka ishirini na kitu, vipandio sita si ngazi. Shangazi alinyanyuliwa na vijana wawili asiowajua, huku leso ikimteleza begani. Vijana wale walitenda wema na Mwenyezi Mungu atawalipa. Lakini shangazi hakutoka chumbani tena mpaka siku ya kurudi, na chakula alipelekewa hukohuko. Tangu hapo hatuulizi "Pana ngazi?" Tunauliza: "Kutoka gari linaposimama hadi kitandani, mtu atanyanyua mguu mara ngapi?" Kisha tunaomba tutumiwe picha za njia hiyo kwa simu.

Sasa tutazame loji zenyewe. Mbuga mbili za Tsavo, ya Mashariki na ya Magharibi, zilianzishwa mwaka 1948, na kwa pamoja zina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Katika eneo kubwa namna hii, kanuni yetu kwa safari ya wazee ni moja: mzee asiende kwa wanyama, wanyama waje kwa mzee. Maana yake ni kutafuta loji iliyojengwa mbele ya bwawa la maji, yenye baraza pana na viti vya kuegemea. Wakati wa kiangazi wanyama hawana budi kuja kunywa. Wenye nguvu watazunguka na gari, na mzee ataketi barazani na kikombe chake cha chai akiwatazama ndovu wakifika kwa makundi, mama mbele na watoto kati. Mara nyingi yeye ndiye ataona zaidi.

Katika Tsavo Magharibi ipo Kilaguni, iliyofunguliwa mwaka 1962 na kuwa loji ya kwanza ndani ya mbuga za taifa za Kenya. Baraza yake inatazamana na bwawa, na nyuma ya bwawa kuna vilima vya Chyulu. Katika Tsavo Mashariki, kando ya bwawa la Aruba, pana ardhi tambarare, nayo tambarare ni rafiki wa magoti. Loji ya Voi imejengwa ubavuni mwa kilima. Upeo wake ni wa ajabu, ila mwenye magoti mabovu aulize sana habari za vyumba kabla ya kulipa. Na ile ya Salt Lick katika Milima ya Taita imesimama juu ya nguzo, na ndovu hupita chini yake. Watoto huipenda mno. Kwa mzee, hapana budi kuuliza namna ya kupanda na kushuka. Kambi za mahema nazo zina raha yake, lakini njia zake aghalabu ni za mchanga au changarawe, na usiku mgeni hasindikizwi na mwanawe bali na askari mwenye tochi, kwa kuwa wanyama hupita baina ya mahema.

Baada ya ngazi, ulizeni mambo haya. Choo ni cha kukalia, na pana chuma cha kushikia? Maji ya kustanjia yapo karibu, au mje na kopo lenu? Chumba kiko hatua ngapi kutoka ukumbi wa chakula? Ombeni kile cha karibu kabisa, hata kama hakitazamani na bwawa. Umeme unawaka usiku kucha au jenereta huzimwa? Swali hili ni la lazima kwa mwenye mashine ya kumsaidia kupumua, na kwa mwenye sindano za sukari zinazotaka baridi. Ulizeni pia hospitali ya karibu. Kwa mbuga ya Mashariki, mji wa Voi una hospitali ya rufaa ya kaunti, na ni afadhali kulala karibu na lango la Voi kuliko kujipeleka ndani sana.

Njia ya kufika nayo ichaguliwe kwa jicho la mzee. Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ina malori mengi, na kukaa garini muda mrefu huvimbisha miguu. Treni ya SGR, iliyoanza kazi mwaka 2017, ina safari inayosimama vituo vya njiani, vikiwamo Voi na Mtito Andei. Humo mzee anaweza kusimama, kujinyoosha na kwenda msalani bila ya kumwomba dereva. Hakikisheni tu kwamba tiketi ni ya treni inayosimama njiani, si ile ya moja kwa moja. Gari la mbugani likiwa refu, chukueni kigoda imara cha kukanyagia, na mzee akae mbele kando ya dereva, kwa maana viti vya nyuma ndivyo vinavyorushwa zaidi na mashimo. Mzunguko mmoja wa asubuhi unatosha. Malango hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na malipo ya kuingia hufanywa kwa eCitizen, si kwa fedha taslimu; basi vitambulisho vya watu wote viwe mkononi, na anayejua mambo ya simu ayamalize nyumbani.

Kuhusu ibada, wazee wengi huogopa kwamba sala zao zitavurugika. Tuwatulize. Saa za mbuga hazigombani na saa za sala. Alfajiri husaliwa kabla ya gari kutoka, na jua linapozama kila mtu amekwisha rudi. Voi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 150 kutoka Mombasa, nao kwa madhehebu yetu ya Shafii unafikia masafa ya kupunguza. Basi msafiri wa siku mbili au tatu ana ruhusa ya kusali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, na ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Asiyeweza kusimama asali ameketi. Kibla huko kiko karibu kaskazini kamili, kama tulivyozoea Mombasa. Chukueni misala miwili na kiti chepesi kisichozama mchangani.

Chakula kiulizwe wakati wa kupanga safari, si mezani. Ulizeni nyama inatoka wapi na imechinjwa na nani. Jibu likisitasita, ombeni samaki, mayai, maharage na mboga, na mje na chapati, mahamri na achari zenu. Ombeni pia meza ya barazani au pembeni, mbali na mahali panapouzwa vileo, ili wazee wale kwa utulivu. Maji ya kunywa wekeni katika chupa za chuma au birika, kwa sababu tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa katika mbuga zetu za taifa.

Neno moja kwa mama na dada zetu. Mbung'o wa Tsavo huuma, nao huvutwa na rangi nyeusi na buluu. Kwa siku hizo mbili, stara ya rangi ya mchanga au ya kijivu hafifu itawafaa zaidi kuliko buibui jeusi, na sitara haipungui kwa kubadili rangi. Chukueni sweta pia, maana asubuhi za huko si kama za pwani. Dawa za presha na sukari zikae katika mkoba wa mkononi, wala zisiachwe garini juani.

Na neno jingine kwa waume na vijana wa kiume. Mara nyingi huwa safari ni ya wote lakini ulezi ni wa mmoja. Binti au mkaza mwana hubaki chumbani na bibi, akamlisha, akampeleka chooni, akamkanda miguu, na wenzake wanaporudi wakisimulia habari za simba, yeye hakuona hata swala mmoja. Hilo si haki. Zamu zipangwe kabla ya kuondoka, ziandikwe, na watoto wa kiume wa mzee wawe wa kwanza kuandikwa. Kumhudumia mzazi ni mlango wa Pepo. Hatujui kwa nini mlango huo tuwaachie wanawake peke yao.

Mkipata nafasi katika Tsavo Magharibi, wapelekeni wazee Mzima. Mvua inayonyesha vilima vya Chyulu hupenya katika mawe ya volkano, ikasafiri chini ya ardhi, ikachomoza hapo kama chemchemi safi yenye viboko na mamba. Panahitaji kutembea kidogo kwa miguu, hivyo asiyeweza atapumzika kivulini karibu na gari. Lakini mwambieni habari yake: tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyateremsha maji ya Mzima hadi Mombasa. Mzee aliyetawadha kwa maji ya mfereji mjini miaka yote hiyo, sehemu ya maji yake yalitoka hapo. Na akiwa Tsavo Mashariki mwonyesheni mto Galana, kwani ndio huohuo unaoitwa Sabaki ukifika Malindi. Bara na pwani zimefungamana kuliko tunavyodhani.

Kwa mzee ambaye hata kulala nje ya nyumba yake hakumwezekani, usimnyime kabisa. Shimba Hills katika Kwale ni mwendo wa kwenda na kurudi siku moja. Hewa yake ni baridi, ndovu wapo, na palahala, ambaye Kenya nzima hapatikani kwa asili mahali pengine. Karibu zaidi, Haller Park ya Bamburi, iliyooteshwa juu ya machimbo ya kale ya saruji, ina twiga na viboko na njia tambarare. Saa mbili zinatosha.

La mwisho: muulizeni mzee mwenyewe. Msimfanyie safari kama mzigo unaofungwa na kupakiwa. Mwonyesheni picha za chumba, mwambieni choo kilivyo, mhesabieni vipandio, mtajieni nani atalala naye chumba kimoja. Kisha muulizeni tena kama atakwenda. Akisema bado hataki, heshimuni neno lake. Lakini uzoefu wetu ni kwamba wengi, wakiisha kujua kwamba heshima yao imelindwa, huuliza swali moja tu: "Tunaondoka lini?"

Kiangazi cha baada ya masika ndicho wakati mzuri, na likizo ya Agosti huangukia humo. Umri haungoji likizo ya mwaka ujao. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya, atuwezeshe kuwafanyia wema wangali hai, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.